Kidole cha Stambuli

Ndege ilikuwa inashuka.

Wiki iliyopita tulimwacha Stambuli amefungwa juu ya gogo la mvule katikati ya uwanja wa Kingolwira, mikono na miguu, uso umeelekea mbinguni, kamba za katani zimemla mpaka kwenye nyama. Msomaji mmoja wa Mwembesongo ameleta barua ya ukali, anauliza kwa nini mtu ameachwa katika hali ile wiki nzima. Ndugu yangu, sisi tumemwacha siku saba kwenye karatasi. Mdachi alimwacha juani kwa mwili wake, na hakuna aliyemwandikia barua ya ukali.

Kwa aliyepitwa, hii hapa kwa pumzi moja.

Mwaka ni 1914, Mdachi yuko madarakani. Uwanja wa ndege ni wa mlowezi mmoja mwenye shamba la katani, watu walimwita Bwana Nyundo kwa sababu ya ngumi yake. Ndege ni ya klabu ya Wadachi wa Dar es Salaam waliopenda kupunga upepo juu ya vichwa vyetu. Rubani wao aliitwa Bwana Mbawa. Miezi mitatu walikunywa bia pamoja, kisha wakakosana. Nyundo akasema: uwanja ni wangu, hatui mtu bila ruhusa yangu. Klabu ikasema: banda tumejenga sisi, visiki tumeng'oa sisi, tutatua tukitaka.

Tumeng'oa sisi! Waliong'oa ni Waluguru mia mbili, kwa kiboko.

Na ardhi yenyewe ilikuwa konde la Mwaisha, lililolimwa na mama yake na mama wa mama yake. Nyundo alilipata kwa alama ya kidole cha Yunusi, mumewe Mwaisha, aliyepewa shati la kaki na kazi ya kumfuata nyapara nyuma. Mvua zilipokwisha, Stambuli, mdogo wake Mwaisha, alichukua jembe akarudi konde la mama yake. Akapanda mihogo, matuta sita, katikati kabisa ya njia ya ndege. Nyundo akamkamata. Akamfunga kwenye gogo, gogo likalazwa palepale magurudumu yanapogusa ardhi. Klabu ikitaka kutua, itue juu ya mtu.

Ipo methali ya tembo wawili na nyasi. Siitaki hapa. Nyasi hazina jina, na huyu alikuwa na jina, na alikuwa na dada.

Haya. Ndege ilikuwa inashuka, na petroli ilikuwa imekwisha. Injini ilikohoa mara tatu, ikanyamaza. Ikabaki miluzi ya waya na upepo.

Mwaisha alitoka mbio kwenye kundi la watu. Nyapara Rehani akamkinga kwa fimbo ya kiboko.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwa mdogo wangu."

"Mdogo wako leo ni kizuizi cha reli," alisema Rehani, akacheka peke yake. Kisha akajisogeza hatua tatu kando ya gogo, akapunga kitambaa chekundu kumfukuza rubani. "Rudi! Rudi kwenu! Hapatuliwi hapa!"

Ndege isiyo na petroli hairudi.

Bwana Mbawa aliliona gogo akiwa juu ya miti ya katani. Akamwona na mtu. Akavuta usukani kwa mikono yote miwili, ndege ikainua pua, magurudumu yakapita juu ya Stambuli karibu sana hata mafuta ya moto yakamdondokea kifuani. Mkia ukalikwangua gogo. Gogo likabingirika nusu, na paja la Stambuli likiwa chini yake. Watu walisikia mfupa ukikatika. Ulilia kama mua.

Ndege ikaruka kama panzi, ikalalia upande, bawa la chini likamkata Rehani shingo.

Kitambaa chekundu kilianguka mwisho.

Halafu sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya watu, kavu, bila haraka:

"Kila asubuhi alikuwa akituhesabu sisi. Leo ahesabiwe yeye. Moja ile pale. Na mbili ile kule."

Huyo ni Chausiku. Mwanamke mfupi, mbeba maji wa shambani, mtani wa ukoo wa Mwaisha tangu enzi za mababu. Hakuna aliyecheka kwa sauti, lakini mabega ya watu yalitikisika.

Bwana Mbawa alishuka kwenye ndege, damu inamtoka puani. Hakumtazama Rehani, wala Stambuli. Alikwenda moja kwa moja kwa Nyundo, akampiga ngumi ya mdomo.

Nyundo alitema jino. Akacheka. Akamrudishia moja ya tumbo, rubani akajikunja kama jani bichi motoni, lakini alipoinuka aliinuka na sikio la Nyundo katikati ya meno. Wakaanguka wote wawili kwenye matuta ya mihogo, wanabingirika, wananguruma Kidachi, buti na nywele na makamasi. Wanaume wa klabu na wenye mashamba, wanaotufundisha ustaarabu!

Askari wawili wa shamba walisimama na bunduki zao, hawajui wamwelekezee nani.

"Tumpige yupi?" mmoja alimnong'oneza mwenzake.

"Ngoja atakayekuwa chini."

"Wanapokezana."

Hatimaye Bwana Mbawa alijinasua, akarudi nyuma hatua tano, akaingiza mkono ndani ya koti lake la ngozi. Watu wakadhani bastola. Akatoa karatasi.

"Uwanja si wako!" alipiga kelele, na safari hii kwa Kiswahili, kila sikio lipate. "Nimetoka bomani. Bwana Shauri amewaita wazee wa mlimani, amewauliza. Yunusi alikupa nini wewe? Kwa Waluguru mume ni mgeni kwenye konde la mkewe! Analima, anakula, anatoka. Ardhi ni ya lukolo, ukoo wa mama, na anayeisemea ni mjomba. Kidole cha Yunusi ni takataka. Bwana Shauri anataka kidole cha mjomba wa lukolo. Karatasi hii hapa, na mhuri huu hapa."

Nyundo alifuta damu ya sikio. "Mjomba gani?"

"Jina lake Stambuli."

Macho yote yakaenda kwenye gogo.

Fikiria uso wa Nyundo, msomaji. Miaka tisa yuko Uluguru. Anajua bei ya katani ya Hamburg, hajui kwamba mtoto wa Kiluguru anarithi kwa mjomba. Hata mbuzi wa Kingolwira wanajua. Alikuwa amemvizia mume kwa shati la kaki, na mwenye kauli amemfunga kwa mkono wake mwenyewe ili ndege imsage.

"Mfungueni!" Nyundo alinguruma. "Maji! Leteni maji, nguruwe nyie, mnataka kumuua mzee wa watu? Nani amemfunga hivi?"

"Wewe, bwana," alisema askari.

Akapigwa kofi.

Kamba zikakatwa. Watu wanne waliinua gogo. Nyundo mwenyewe alipiga magoti kwenye vumbi, akamshika Stambuli kichwa. "Bwana Stambuli," akasema. "Rafiki yangu."

"Mungu mkubwa," alisema Chausiku. "Gogo limezaa bwana."

Bwana Mbawa naye hakukubali kupitwa. Alivua koti la ngozi, akalikunja, akamwekea Stambuli chini ya kichwa. "Klabu itakupeleka hospitali ya Dar es Salaam kwa gari moshi," akasema. "Utalala kitandani, utawekewa mfupa."

"Mimi nitakupa ng'ombe," alisema Nyundo. "Na nyumba ya bati."

"Klabu itakupandisha ndege."

"Ameshaiona ndege!" Nyundo alifoka. "Imemvunja mguu!"

Karatasi iliwekwa mbele ya macho ya Stambuli, na Bwana Mbawa akamsomea: Mimi Stambuli, mjomba wa lukolo, nimetoa uwanja huu, mimi na ndugu zangu na vizazi vyangu, kwa. Baada ya "kwa" palikuwa na nafasi tupu. Jina litakaloandikwa pale ndilo lenye uwanja. Na karatasi yenye mhuri ilikuwa hiyo moja tu. Bwana Shauri, Mdachi mkuu wa boma, alikuwa amefunga kasha lake asubuhi ileile, akaenda safari ya Kisaki, mwezi mzima.

Mwaisha alifika akapiga magoti upande wa pili. Mkono wake ulitafuta mkono wa mdogo wake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mguu?"

"Upo. Nadhani upo. Uangalie wewe, mimi siuoni."

Mwaisha aliuangalia. Akafumba macho. Kisha akainama sikioni kwake, lakini watu wa mbele walimsikia.

"Weka kidole. Kwa huyu au kwa yule, sijali. Nakutaka wewe."

"Na wanao watalima wapi?"

"Tutapanda juu, milimani. Tutaomba."

"Utaomba kwa nani, dada? Kule juu kila tuta lina bibi yake. Utafika na watoto sita, utasema nini? Tulikuwa na konde, mjomba akalitoa kwa ajili ya paja lake?"

"Nitasema hivyohivyo. Hawakujui. Mimi nakujua, nimekubeba mgongoni."

"Basi nibebe na leo," alisema Stambuli. "Usinishushe njiani."

Nataka mlielewe hili: Mwaisha hakuwa jiwe. Angetoa konde lile lote, na kaburi la mama yake juu yake, kwa ajili ya pumzi ya mdogo wake. Aliyekataa ni mwenye pumzi.

Stambuli akageuza shingo. "Mabwana, nimewasikia wote. Kila mmoja ana jibu lake, lakini mimi ninalo moja tu, itabidi mgawane."

Akainua mkono wa kulia. Akakunja kidole gumba ndani ya kiganja, akafunga vidole vinne juu yake. Ngumi. Akaishusha ngumi ile kifuani na kuikaza pale.

Nyundo aliinuka, akajipangusa magoti. Ukarimu ulikwisha pale.

"Hamsa ishirini," alisema. Viboko ishirini na tano.

"Mguu wake umevunjika," alisema Bwana Mbawa.

"Sipigi mguu."

Bwana Mbawa aligeuka, akaanza kukagua bawa la ndege yake palipochanika kitambaa.

Wapo leo vijana wenye madigrii wanaosema palikuwa na Wadachi wakali na Wadachi wapole. Tunakubali. Mpole ndiye huyo aliyegeuka kukagua bawa.

"Yunusi!"

"Labeka, bwana."

Yunusi alitoka katikati ya watu na shati lake la kaki.

"Nyapara amekufa. Nyapara ni wewe. Chukua kiboko."

Kiboko kilikuwa bado mkononi mwa Rehani. Yunusi ilimbidi ainame, aufungue mkono ule kidole kwa kidole. Aliporudi, mikono yake ilikuwa nyekundu, na alikuwa anaipangusa kwenye shati.

"Bwana, huyu ni shemeji yangu."

"Ndiyo maana utalenga vizuri. Unaujua mgongo wake."

Mwaisha alisimama. "Yunusi. Nitazame. Nyumba ni yangu, kitanda changu, watoto ni wa ukoo wangu. Wewe pale una shati. Ukimgusa huyu, shati hilo ndilo litakuwa nyumba yako."

"Nisipompiga nitapigwa mimi, mke wangu!"

"Basi pigwa!"

"Pigwa!" wanawake waliitikia nyuma yake. "Pigwa, mwanamume wewe!"

Askari mmoja alikoki bunduki, akamwelekezea Mwaisha tumboni. Askari wa pili alimpindua Stambuli kifudifudi. Mguu haukugeuka pamoja na mwili.

Yunusi akapiga.

"Moja," alisema Nyundo.

"Mkono mzito, shemeji," alisema Stambuli, shavu liko vumbini. "Mihogo yetu imekukalia vizuri."

"Mbili."

Baada ya kiboko cha tano aliacha utani. Akaanza kutaja majina. Aliwataja wanawake waliolilima konde lile, mmoja kwa kila kiboko, kuanzia mama yake kurudi nyuma: mama yake, bibi yake, mama wa bibi, wale waliolifyeka lilipokuwa bado msitu. Majina ambayo kwa kawaida husemwa kwenye tambiko, kwa sauti ya chini, na pombe ikimwagwa. Yeye aliyasema kwa damu. Na kila jina lilipotajwa, wazee waliokuwa pale waliitika kooni, "Mmh." Kiboko, jina, mmh. Kiboko, jina, mmh.

Nyundo akadhani wanamcheka. "Kaza!"

Yunusi akakaza. Mate yalimtoka, alikuwa hapigi tena kama mtu aliyeamriwa. Alipiga kama anayetaka kunyamazisha kitu.

Kiboko cha kumi na saba kilitua. Jina halikuja.

Yunusi alisimamisha mkono hewani. "Bwana, hasemi."

"Kumi na nane," alisema Nyundo.

"Bwana, nadhani huyu..."

"Kumi na nane!"

Mdachi haachi hesabu nusu. Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini. Mwaisha alisimama na mdomo wa bunduki kitovuni, akamtazama mumewe akipiga maiti ya mdogo wake mara nane, mpaka hamsa ishirini ikatimia.

Nyundo alimgeuza kwa buti. Akafunua kope moja kwa kidole.

"Mjinga," akasema. Alisema kama mtu aliyeponyokwa na samaki. Kisha akaiona ile ngumi, bado imefungwa, bado imelalia kifua. Akainama.

Alijaribu kufungua kidole cha kwanza. Hakikufunguka, akakivunja. Cha pili akakivunja. Alivunja vyote vinne, pole pole, kama mtu anavunja njiti za kuwashia moto, mpaka kidole gumba kikatokea, kisafi, damu yote ile haikukifikia.

"Wino," alisema.

"Sina wino," alisema Bwana Mbawa. Sasa alikuwa amegeuka. Uso wake mweupe kama ubani. "Siwezi kushuhudia jambo hili. Mtu amekufa. Bwana Shauri akiuliza..."

"Akiuliza, utasema alikuwa hai."

"Na kwa nini niseme hivyo?"

Nyundo alimtazama, sikio linamchuruzika damu. "Kwa sababu ile nafasi ni pana. Inatosha majina mawili."

Bwana Mbawa alimtazama maiti. Akaitazama ndege. Ilichukua muda wa mtu kumeza mate mara moja.

Akaenda kwenye injini, akachovya vidole kwenye mafuta meusi, akarudi akakipaka kile kidole. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Nyundo akaushika mkono wa Stambuli, akagandamiza. Bwana Mbawa akatoa kalamu ya risasi, akaandika majina mawili kwenye ile nafasi, la klabu na la Nyundo. Chini akatia sahihi: shahidi.

Wakapeana mikono. Hivyo ndivyo ugomvi mkubwa wa mwenye uwanja na klabu ya ndege ulivyokwisha. Waliahidiana kumaliza sahani moja ya nyama jioni ile. Ugomvi wao ulikuwa wao kwa wao siku zote, na suluhu yao vilevile, tofauti ni kwamba suluhu ilitaka maiti, na maiti ikatoka upande wetu.

Bwana Mbawa alipepea karatasi ili mafuta yakauke.

Mwaisha alivua kaniki ya juu, akamfunika mdogo wake. Hakulia. Alipiga jicho kwenye kundi la watu, akamtafuta mmoja.

"Mtani," alisema. "Msiba umeanza."

Chausiku alijipangusa macho kwa viganja, mara moja, kwa nguvu. Akatoka mbele. Aliokota kile kitambaa chekundu cha Rehani, akajifunga shingoni, akanyoosha mikono kama mbawa, akaanza kuzunguka uwanja mbio. "Vuuuu! Vuuuu! Petroli imekwisha, mama weee!" Akajikwaa makusudi, akaanguka matakoni. Akainuka. Akamwendea Stambuli, akasimama juu yake na mikono kiunoni.

"Stambuli! Mvivu mkubwa! Jua limefika wapi na wewe umelala? Mihogo haijapaliliwa, eti umejifunika kaniki ya mwanamke! Amka, shetani wee!"

Na watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku wanalia, maana ndiyo kazi ya mtani. Kwenye msiba mtani hana mpaka. Atamtukana maiti, atamkalia mfiwa, atamvua mtu kofia aondoke nayo, na mwiko mkubwa kuliko yote ni kumkasirikia.

"Ana nini yule?" aliuliza Bwana Mbawa.

"Wanacheza," alisema Nyundo, mjuzi wa miaka tisa. "Hata kwenye kifo wanacheza. Watoto hawa."

Akatabasamu.

Chausiku alikuja mbele ya Nyundo, akapiga saluti ya kiaskari, kisigino kwa kisigino, bila viatu. "Bwana mkubwa! Pole na msiba! Umefiwa na sikio!" Akamvua kofia, akaivaa yeye. Ikamzama mpaka puani. Askari walicheka. Nyundo akacheka. Chausiku akamwendea Bwana Mbawa, akamvua miwani ya kurukia, akaivaa juu ya kofia. Bwana Mbawa naye akacheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu.

"Na hiki nacho," alisema Chausiku, "cha mtani."

Akachukua karatasi.

Kicheko kilikuwa bado hakijaisha alipoikunja mara mbili. Kilikuwa bado hakijaisha alipoitia mdomoni.

Nyundo alichelewa pumzi moja. Alipoelewa, alichomoa bastola kiunoni, akampiga kwa kitako chake mdomoni. Chausiku akaanguka na kofia na miwani. Akainuka kwenye viwiko. Meno mawili ya mbele hayakuwepo, mdomo mweusi kwa mafuta na mwekundu kwa damu. Shingo yake ilipanda, ikashuka.

"Imeshuka," alisema. "Na mafuta ya injini juu. Kesho mtaniona naruka."

"Andika nyingine!" Nyundo alimfokea rubani. "Andika sasa hivi! Kidole bado tunacho!"

"Mhuri uko kwenye kasha la Bwana Shauri. Bwana Shauri yuko Kisaki." Bwana Mbawa aliokota miwani yake. "Bila mhuri ni karatasi ya kufungia jibini. Mpaka arudi, huyu atakuwa ameoza."

"Kwa hiyo karatasi ni ile tu."

"Ni ile tu."

Nyundo alimtazama Chausiku. Hakumtazama usoni. Alimtazama tumbo.

"Itakaa muda gani mle kabla ya kuharibika?"

Bwana Mbawa alijibu kama fundi aliyeulizwa habari za petroli. "Saa moja. Karatasi ile ni nzito. Labda mbili."

"Mpasueni," alisema Nyundo.

Watu walipiga ukelele, kundi likasogea. Askari mmoja akapiga risasi hewani, kundi likasita. Mwingine alimkalia Chausiku mikono. Bwana Mbawa alikuwa ameshika kisu chake cha kukatia kitambaa cha bawa, kile chembamba. Hakukitoa kwa mkono wake. Alikiacha tu kichukuliwe.

Nyundo alikichukua, akamkabidhi Yunusi.

"Nyapara. Wewe ulianza mambo haya kwa kidole chako. Maliza."

Mwaisha aliruka. Nyundo alimkamata nywele akamwangusha magotini, bastola shingoni. "Nyapara, nahesabu mpaka tatu. Nikifika tatu bila karatasi, wa kwanza ni mkeo."

Yunusi alipiga hatua. Shati lake la kaki lilikuwa limekuwa rangi nyingine. Alisimama juu ya Chausiku.

"Mtani," alisema. "Lala vizuri. Usinifanye nirudie mara mbili."

"Moja," alisema Nyundo.

Chausiku alitema damu, akamtazama kutoka unyayo hadi utosi. "Nilale wapi, Yunusi? Nionyeshe udongo wako hapa, hata upana wa mkeka. Nitalala."

Yunusi aliangalia chini, kama mtu anayetafuta kweli. Chini palikuwa na matuta ya mihogo yaliyokanyagwa.

"Mbili."

Mwaisha hakumwomba. Chini ya mdomo wa bastola alimwita jina lake mara moja tu, taratibu, kwa sauti ileile aliyokuwa akimwitia chakula.

"Yunusi."

Yunusi alianza kulia. Akakishika kisu kwa mikono miwili, na huku analia, akakishusha tumboni mwa Chausiku.